Shimo la Mdaa

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: ukishachimba mzizi wa dawa, ukaupangusa udongo na kuutia kikapuni, lile shimo unaliacha vipi?

Najua wengi mtasema shimo ni shimo, mvua itakuja ilijaze. Lakini Sitara binti Mbonde hakulelewa hivyo. Kwao Liwale, kwa Wangindo, bibi yake alimfundisha kwamba mti unapigiwa hodi kwanza, unatajiwa jina la mgonjwa, ndipo unachimbwa. Unachimbwa upande mmoja tu, unachukua mzizi mmoja, mingine unaiacha ili mti usife. Ukishamaliza unarudisha udongo kwa mikono, jembe huligusi, unashindilia kwa kiganja na kufunika kwa majani ya mti uleule. Na mwenye kufukia ni yuleyule aliyechimba. Shimo la dawa likibaki wazi, bibi alisema, linakaa linamngoja aliyetajwa jina.

Sasa Sitara alikuwa ameacha shimo wazi. Na jina alilolitaja pale lilikuwa la Shomari, mumewe.

Mambo haya yalikuwa mwaka ule wa unga wa yanga, mvua zilipoisusa nchi na serikali ikatuletea mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ugali wake unanuka gunia. Soko jipya la Kariakoo lilikuwa linamaliziwa. Zege lake lilisimama juu kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, na vumbi la saruji likashuka juu ya nyanya, juu ya dagaa, juu ya vichwa vya watu. Sitara alitandika mkeka wake Mtaa wa Mkunguni, kando ya ukuta wa duka la vitambaa. Juu ya mkeka alipanga magome, mizizi iliyofungwa mafungu mafungu kwa ukindu, chupa za mafuta ya nyonyo zilizozibwa kwa kipande cha gunzi, na jiwe la kusagia. Kila asubuhi alipangusa vumbi la saruji kwenye dawa zake kwa upindo wa kanga, na mchana akapangusa tena. Alishachoka kupangusa.

Shomari alikuwa kuli bandarini tangu ujana wake. Saruji, salfa, ngano, mbolea, vyote vilipita mgongoni kwake, na vumbi lake likapita kifuani. Kikohozi kilipomwanza, watu waliokaa pale mkekani walimwambia, "Bwana Shomari, hebu fika hospitali wakakupime, si bure siku hizi?" Shomari akacheka, mtu wa mizaha yule. Akasema, "Hospitali ipi tena? Mimi nimeoa hospitali!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Neno likatembea Mkunguni nzima, likafika bandarini, likarudi. Wateja wapya wakawa wanakuja mkekani wanauliza, "Ni wewe bibi ambaye mumeo ameoa hospitali?" Sitara alitabasamu. Moyoni aliliweka kama kiapo cha mume: Shomari hataki hospitali, basi. Yeye ni nani amlazimishe?

Kifua, kwa alivyofundishwa Sitara, dawa yake ni mdaa. Mzizi wake mweusi nje, ndani wa manjano, ndio huohuo wanawake wa pwani wanaotilia ukindu rangi nyeusi wakisuka mikeka. Zamani aliupata karibu tu, ng'ambo ya bonde la Jangwani. Pakajengwa nyumba. Akawa anafuata barabara ya Pugu, wachoma mkaa wakapamaliza. Sasa ilimbidi avuke Magogoni kwa pantoni, atembee Kigamboni ndanindani huko kwenye vichaka. Dawa ilikuwa inamkimbia kidogo kidogo, na magoti yake nayo yanazeeka kidogo kidogo.

Siku hiyo alikuwa amepiga magoti, mkono mzima umo shimoni, ameshaushika mzizi, ndipo akasikia mngurumo wa katapila na filimbi. Kijiji kilikuwa kinasafisha pori wapate shamba la pamoja. "Toka mama! Toka huko! Linakuja!" Sitara akauvuta mzizi, akakata, akakimbia kama magoti yalivyomruhusu. Alikumbuka shimo akiwa amekaa kwenye pantoni, maji yamemzunguka pande zote. Akaangalia viganja vyake, vina udongo ambao ulitakiwa kubaki kule.

Tangu hapo Shomari akawa anakunywa ule mdaa na kuzidi kukonda. Kikohozi kilichokuwa kinakuja na kuondoka, sasa kilihamia kabisa. Asubuhi moja Sitara alikwenda kumwaga kopo la makohozi chooni, akaona damu. Akasimama pale na kopo mkononi muda mrefu, mpaka mpangaji mmoja akagonga mlango wa bati.

"Kuna mtu?"

"Kuna mtu," alijibu Sitara. "Anatoka."

Hakumwambia yeyote. Alifunga kilemba chake vizuri, akaingia uani, akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akaanza kusugua goti kwa mafuta ya nyonyo. Alikuwa ameshakata shauri. Atarudi Kigamboni akalifukie.

Jirani yake wa chumba cha pili, Benedikta, mwanamke wa Rombo aliyeshonea watu nguo kwa cherehani ya mkono, alikuwa anachochea uji jikoni.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba, mwanangu."

"Goti hilo unalipaka mafuta kama unakwenda kucheza mpira Jangwani."

"Nakwenda Kigamboni."

Benedikta aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Tena? Mzizi si unao? Nimeuona jana unauponda."

Ilibidi Sitara amweleze. Alimweleza kwa sauti ya chini, huku akiangalia mlango wa chumba chake. Benedikta alisikiliza, hakucheka. Kwao nako kuna mambo ya mti, kuna isale, jani la kuombea msamaha, ambalo halikatwi hovyo. Lakini alipomaliza kusikiliza alisema:

"Bi Sitara, sikutukani. Ila shimo liko Kigamboni, mgonjwa yuko hapa. Mimi usiku nasikia kile kifua ukutani kama mtu anasaga mahindi. Mpeleke hospitali, mama."

"Mwenyewe hataki. Si unajua alivyosema?"

"Alisema lini? Alisema ana mwili, amenenepa. Wanaume wanasema mengi wakiwa wamenenepa."

"Hata akitaka," alisema Sitara, akajifunga kanga ya pili kiunoni, "nikimpeleka na shimo liko wazi, hata sindano yao haitashika. Nifunge kwanza kwangu. Ya wenzangu yatafuata."

"Haya. Nenda. Nitampa uji." Benedikta alirudisha mkono kwenye mwiko. "Ila huu wa yanga, akiukataa usinilaumu mimi, walaumu waliouleta."

Sitara aliingia chumbani kuaga. Shomari alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mto umewekwa juu ya kiroba cha nguo ili kichwa kiinuke. Midomo yake ilikuwa myeusi kwa mdaa, na meno pia, kama mtu aliyekula zambarau. Mikono iliyobeba magunia sasa ilikuwa imelala juu ya shuka kama vitu vilivyosahauliwa na mgeni.

"Sitara."

"Abee."

"Kuna neno nilikuwa nataka..." Kikohozi kikamkatiza. Sitara akamwinua, akamshika mgongo, akasubiri. Kilipopita akamwekea bakuli mdomoni.

"Kunywa kwanza."

Akanywa. Akafuta midomo kwa kiganja. "Nasema hivi, kuna neno..."

"Nikirudi, Shomari. Nataka niwahi pantoni ya mapema. Benedikta yupo, ukitaka kitu gonga ukuta."

Shomari alimtazama, akageuza uso ukutani. "Nenda basi."

Na ndivyo ilivyokuwa siku nyingi. Yeye anaanza, mkewe anainua bakuli, au anainua kikapu.

Sitara alitoka. Alikata Mnazi Mmoja, akashuka mjini, kandambili moja imeungwa kwa waya na inamkwaruza kidole. Kila alipofika penye kivuli alitamani akae, na kila alipotamani akae aliliona lile shimo mbele ya macho, limeachama. Mbele ya duka la kaya akakuta foleni ya sukari, wengine wameweka mawe na vikapu vishike nafasi zao, wenyewe wamekwenda kupumzika. Mwanamke mmoja akamwita, "Bibi dawa! Leo huuzi? Nina mtoto anaharisha!"

"Majani ya mpera, mwanangu. Chemsha machanga, mpe na chumvi kidogo. Akilegea macho usiningoje mimi, mkimbize dispensari."

Alilisema hilo bila kufikiri, kama alivyowaambia akina mama miaka yote. Akatembea hatua kadhaa ndipo akakisikia alichokisema. Hakusimama. Kusimama kulimtia uchungu gotini zaidi kuliko kutembea.

Pantoni ilimvusha pamoja na baiskeli, mbuzi wawili na gari la kijani lenye vijana wanaoimba nyimbo za kilimo. Alitembea njia ileile, akapita kisima, akapita mkorosho ulioinama. Baada ya mkorosho ndipo vichaka vilikuwa vinaanza.

Havikuwapo.

Palikuwa peupe. Pori lote lilikuwa limelazwa na kusukumwa pembeni, likawa kama ukuta wa matawi yaliyoanza kukauka. Na pale yalipong'olewa mashina, mashimo. Mashimo makubwa na madogo, mengine yana mizizi imening'inia kama nyuzi za nguo iliyochanika, udongo mwekundu umetupwa huku na huku. Mingapi humo ilikuwa midaa, hakuna aliyejua. Hakuna aliyeipigia hodi.

Sitara alishika kiuno. Alitafuta alama zake. Pale palikuwa na kichuguu: kimesawazishwa. Pale palikuwa na mnyonyo: haupo. Shimo lake lilikuwa la mkono mmoja, jembamba, la adabu. Sasa lilikuwa limemezwa na haya.

"Wewe mama! Tena wewe!"

Mlinzi alikuja na filimbi yake shingoni, mtu mfupi mwenye kofia ya mgambo. "Si ni wewe niliyekufukuza siku ile? Unatafuta nini tena? Kumekwisha."

"Naona kumekwisha."

"Umeacha kitu?"

"Nimeacha shimo."

Mlinzi akakuna kichwa chini ya kofia. "Mama, mashimo tunayo. Chagua."

Sitara, kwa uchovu tu, akajikuta amemweleza. Mlinzi akauliza, "Kwenu wapi?"

"Liwale."

"Mngindo!" Uso wa yule mtu ukafunguka wote. "Ala! Kumbe ndiyo maana ulikimbia vile. Mimi Mngoni, Marcelino wa Songea. Nyie Wangindo tangu enzi za babu zangu, mkiona Mngoni tu mnaingia porini."

"Na nyie tangu enzi hizo mnakwapua vya watu," alijibu Sitara, ulimi ukamtoka wenyewe maana utani una njia yake. "Leo pori lenyewe mmelimaliza. Nikiona Mngoni nitakimbilia wapi?"

"Si mimi. Mimi nimepewa filimbi tu, ukija ukaguzi napuliza." Marcelino akageuka akaliangalia lile eneo, akapunguza sauti. "Wanasema watapanda mihogo. Mvua zenyewe ziko wapi?"

Sitara aliliangalia naye. Alipokuwa mtoto kijiji chao kizima kilihamishwa, pori lao likaachiwa tembo. Aliona bibi yake anatembea nyuma ya wote, anageukageuka. Alidhani amesahau kuhama kunavyokuwa. Kumbe miti nayo inahamishwa, tofauti ni kwamba haina miguu.

Alipiga magoti kwenye shimo lililokuwa karibu, akaanza kurudisha udongo kwa mikono.

"Ndilo hilo?" aliuliza Marcelino.

"Sijui."

"Sasa unafukia lipi?"

"Hili."

Alilifukia. Akashindilia kwa kiganja, akatafuta jani la mdaa kwenye ule ukuta wa matawi, akaliweka. Akasogea kwenye la pili kwa magoti. Akafukia. La tatu lilikuwa kubwa, lilikula udongo kama linacheka. Jua likapanda. Jasho lilimwingia machoni na mikono ilikuwa imejaa udongo, hawezi kujifuta. Kucha moja ikang'oka kwenye jiwe. Alipoinua kichwa aliona mashimo yanaendelea mpaka kule minazi inapoanzia. Akakaa chini pu, miguu ameinyoosha kama mtoto, akashindwa kuinuka.

Marcelino alikuwa amechuchumaa kivulini kwa muda wote, anatafuna jani. Akaja na kibuyu cha maji, akammiminia mikononi, kisha akampa anywe.

"Sikiliza, mtani wangu. Mngindo akifa, anayeruka kaburini na kutukana wafiwa ni nani?"

"Ni nyie mashetani."

"Na udongo wa kwanza?"

"Nyie."

"Basi kufukia Wangindo ni kazi yetu tangu zamani. Niachie haya. Kila siku jioni, badala ya kukaa na filimbi yangu kama jogoo, nitafukia. Kwa mikono, kama ulivyosema. Mkono wa mtani hauulizwi na mizimu, unaingia popote."

"Mume wangu hajafa, lakini."

"Hajafa, eh. Na siku akifa msiponiletea kuku, nitamfukua nimrudishe mjini akapange foleni ya sukari."

Sitara akacheka. Alicheka mpaka kifua kikamuuma, na machozi yakatengeneza njia kwenye vumbi la mashavu. Hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho. Labda siku ile ya "nimeoa hospitali."

"Kwani mumeo huko yuko na nani?" aliuliza Marcelino.

"Na jirani."

"Anasemaje?"

"Jirani?"

"Mgonjwa, mama! Mgonjwa mwenyewe anasemaje?"

Sitara alifungua mdomo ajibu. Alijua makohozi ya Shomari yana rangi gani, alijua anakojoa mara ngapi, alijua anapenda mto uinuke vipi. Anasemaje, hakujua. Aliona bakuli likiinuka kwenda mdomoni, na neno likirudi ndani pamoja na dawa.

"Niinue," alimwambia mtani wake. "Nishike mkono, niinue."

Alifika nyumbani magharibi, mwadhini wa msikiti wa mtaani anakohoa kwenye kipaza sauti kabla hajaanza. Benedikta alikuwa barazani na cherehani yake. Alimwangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili, akaiangalia mikono.

"Pole, mama. Umelipata?"

Sitara akatikisa kichwa.

"Uji kanywa nusu. Nimemkalisha, ukae ukijua. Anakungoja."

Chumbani taa ya kibatari ilikuwa imeshawashwa. Shomari alikuwa ameketi, mgongo umeegemea ukuta, shuka imefika kiunoni. Mbele yake kwenye kigoda lilikuwa bakuli la mdaa la jioni, limejaa, halijaguswa.

Sitara hakuliinua. Aliketi ukingoni mwa kitanda, kamba zikalia. Akaweka mikono yake juu ya mapaja, viganja juu, ina udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo, na ile kucha inavuja.

"Shomari, nimekukosea. Nilipochimba dawa yako nilikimbizwa, nikaacha shimo wazi. Leo nilikwenda kulifukia. Sikuliona. Pori limekwisha lote, ni mashimo matupu. Nimefukia nilivyoweza. Mtani mmoja Mngoni amesema atayamalizia." Akaiangalia mikono yake. "Nimechoka, mume wangu. Nimetafuta dawa ya kifua mpaka mahali ambapo dawa imekwisha. Sina pengine pa kuchimba."

Shomari aliichukua mikono yake yote miwili. Alianza kuitoa udongo kwenye kucha, taratibu, kwa kucha yake mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akitoa vibanzi vya magunia mikononi mwake akirudi kutoka bandarini.

"Mngoni," alisema. "Atakudai kuku huyo."

"Ameshadai."

Akacheka kidogo, na kikohozi kikaja juu ya kicheko. Sitara alimshika mgongo. Hakukimbilia bakuli. Alisubiri kipite, na kilipopita aliendelea kusubiri.

"Asubuhi ulikuwa na neno," alisema. "Na jana. Na juzi. Nimekaa sasa. Sema."

Shomari aliutazama mdomo wa bakuli lile jeusi, kisha akautazama ukuta wa upande wa baraza, ambako cherehani ya Benedikta ilikuwa imenyamaza ghafla.

"Ule mzaha wangu," alisema, "ulizidi nguvu, Sitara. Niliutoa kinywani nikashindwa kuurudisha. Kila mtu anakuja mkekani kwako kwa ajili yake. Nikasema, nikionekana kwenye benchi la hospitali, watu watasemaje juu ya mke wangu? Nikawa nangoja useme wewe. Husemi. Nikasema labda hujaona."

"Niliona."

"Basi." Akamshika vidole vizurivizuri, vile vyenye udongo na vile alivyokwisha kuvisafisha. "Nataka kwenda hospitali. Nilitaka tangu mfungo wa Ramadhani. Nipeleke kesho, Sitara, na uje ukae na mimi kwenye benchi, watu watuone."